Kocha Msaidizi wa Lyse

Ukimwona mwanamke anakatiza Greyville, pale Durban, na fimbo kumi na mbili begani, usidhani anaenda kupigana. Lyse Ninahazwe hakuwa na ugomvi na mtu Ijumaa ile alasiri. Alikuwa na shida tu, na shida yake ilikuwa ndefu na inamgonga kila aliyepita karibu.

Zilikuwa fimbo za lakrosi, ule mchezo ambao kila mchezaji anashika fimbo yenye kikapu cha nyuzi na ngozi kichwani, anadaka mpira humo, anakimbia nao na kuurusha golini. Lyse alikuwa kocha mkuu wa timu ya wasichana ya chuo kimoja kule Westville. Kocha mkuu, mtunza vifaa, mbeba maji, wote walikuwa yeye, kwa sababu msaidizi wake alikuwa amehamia Cape Town bila hata kuaga vizuri. Vikapu vilikuwa vimechanika, na maduka yote aliyoyapigia simu yalimwambia aagize ng'ambo, asubiri miezi miwili.

Alikuwa amevaa tracksuit ya kijani ya chuo, firimbi shingoni, nywele amezifunga juu kwa kitambaa cha manjano. Taxi zinapiga honi, muziki unatoka kila mlango, harufu ya dawa ya nywele inamfuata. Alipogeuka kuangalia kama robot, zile taa za barabarani, imewaka kijani, zile fimbo nazo ziligeuka. Zikakamata waya uliotundikwa viatu mbele ya saluni ya Yvette, na viatu vikamwagika vyote juu ya mwanaume aliyekuwa ameinama anashona.

"Maman, pole pole! Hivi viatu viko na wenyewe!"

"Jamani! Samahani sana, kaka."

"Kaka ya nani? Mimi ni Peguy." Alisimama akijipangusa. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi kwenye kola, chini ya aproni ya ngozi, na viatu vyake mwenyewe ungeweza kujitazama humo ukapaka wanja. "Na wewe unaenda vita gani na silaha yote hii?"

"Ni fimbo za mchezo. Zimechanika."

Peguy akachukua moja, akaigeuza geuza. "Nani alishona hapa? Alikuwa na hasira?"

"Ni mimi."

"Eh! Basi pardon. Tuseme alikuwa na haraka."

Lyse akacheka, na hakuwa amecheka wiki nzima. Ndani ya saluni, Yvette, mwenye saluni na binamu yake Peguy, alinyoosha shingo kuangalia ni nani huyo anayechekeshwa.

Jumatatu fimbo tatu zilikuwa tayari. Jumanne Peguy akasema hawezi kushona kitu bila kuona kinavyotumika, fundi gani anashona kiatu bila kuona mguu? Akapanda taxi hadi Westville, akasimama kando ya uwanja na shati lake la pasi. Wasichana wakampenda papo hapo. Nokwanda, kapteni, alikuwa na mikono migumu, mpira unadunda kikapuni na kuruka. Peguy akamwambia, "Pokea kama unapokea mtoto amelala." Nokwanda akapokea, na mpira ukatulia. Lyse aliona, na jioni hiyo aliijaza fomu ya ligi. Kanuni ilikuwa wazi: fomu bila majina ya makocha wawili, timu haichezi. Kwenye nafasi ya kocha msaidizi akaandika jina la Peguy, na Peguy akatia sahihi akiwa amesimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti.

Tangu hapo ikawa Jumanne na Alhamisi uwanjani, na siku nyingine zote simu.

"Allo, kocha mkuu."

"Kocha msaidizi, umekula?"

"Nimekula. Lakini chakula hakikushuka, hakukuwa mtu wa kuniambia kiko tamu."

"Nyie Wakongomani na maneno!"

"Na nyie Warundi munameza maneno. Ndiyo maana hamusikiagi njaa."

"Ala! Mtu wa Uvira anamwambia mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili Bujumbura, hajui kusema?"

"Basi sema. Sema kitu kimoja tu, roho yangu, nilale nacho."

Kila mara Lyse alikata simu hapo, akabaki anatabasamu peke yake jikoni. Nani atamlaumu? Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na kwa muda mrefu watu walimpigia simu pale tu walipotaka kitu.

Siku moja alikuwa anamrudisha Greyville kwa gari lake dogo, robot ikawaka nyekundu, na Peguy akasema, "Lyse, mimi nakupenda. Nasema sasa juu robot iko nyekundu, hauwezi kunikimbia."

Robot ikawaka kijani. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Nami nakupenda! Sasa acha niendeshe gari, watatuua hawa!"

Walicheka hadi Greyville. Miezi miwili ikapita hivyo, na timu ikafika nusu fainali, jambo ambalo chuo hakikuwa kimelizoea.

Kwa heshima ya siku hiyo Peguy aliomba apewe fimbo tano za washambuliaji azishone upya. Lyse alimpa, akamwambia jambo moja: "Acha ncha za nyuzi zining'inie. Kikapu kikilegea tunazivuta, kinakaza." Peguy akaitika ndiyo. Lakini nenda kamwambie fundi viatu aache uzi unaning'inia! Alishona, akaweka mpira ndani ya kila kikapu ushike umbo, kama kiatu kinavyowekwa kwenye kalibu, akauacha siku tatu katika unyevu wa Durban. Kisha akakata ncha zote, akatia gundi kwenye mafundo. Zilipendeza. Jumamosi asubuhi Lyse alizipokea dakika ya mwisho, akaona zinang'aa, akazigawa.

Kabla ya mechi refa hukagua kila fimbo. Mpira ukikaa ndani ya kikapu, lazima uonekane umechomoza juu ya ukingo. Refa wa siku hiyo, mama wa Kizungu, alichukua fimbo ya Nokwanda, akatia mpira, akainama kutazama kwa ubavu. Mpira ulikuwa umezama wote.

"Kaza."

Lyse akatafuta ncha ya kuvuta. Hakuna. Fundo lilikuwa gumu kama kokoto. Fimbo ya pili vilevile, ya tatu vilevile, hadi ya tano.

"Hizi zimefungwa hivi kwa makusudi," refa akasema kwa sauti ya baridi. "Kocha gani amezitengeneza? Huyo namfungia msimu mzima."

Peguy alikuwa hatua kumi nyuma, anakuja na ndoo ya maji. Lyse hakufikiri. "Hapana, mama. Huyo si kocha. Ni fundi viatu tu wa mtaani, hajui chochote. Nimempa kazi, kosa ni langu."

Refa akamtazama, akaandika onyo kwenye karatasi yake, akaishia hapo. Lyse akashusha pumzi. Alipogeuka, alikuta ndoo chini na koti la kijani la benchi limekunjwa vizuri juu yake. Peguy alikuwa anaelekea getini, mgongo umenyooka.

"Peguy! Peguy, ngoja!"

Hakugeuka, na firimbi ikalia. Wasichana walicheza kwa fimbo za akiba walizoazimwa na wapinzani wao, wakashinda kwa goli moja. Walimrukia Lyse wakilia kwa furaha. Yeye alikuwa anatazama geti.

Simu yake haikupatikana jioni, haikupatikana asubuhi. Jumapili baada ya ibada Lyse akampigia Yvette.

"Yvette dada yangu, niambie yuko wapi."

"Yuko kwake, anashona. Hajavaa hata shati ya pasi, unasikia? Wewe ulimfanya nini binamu yangu? Anasema ulimwambia mzungu yeye si kocha, ni fundi viatu tu."

"Refa alitaka kumfungia! Nilikuwa namwokoa!"

"Eish, Lyse. Mimi nakuamini. Lakini yeye alisikia hayo tu." Yvette akapunguza sauti. "Na kitu ingine. Fomu ya fainali inatakiwa lini?"

"Jumatano mchana. Majina mawili, la sivyo tunaondolewa."

"Umeona? Ukikuja kesho atasema umefuata sahihi. Hata ukipiga magoti, atasema ni sahihi unapigia magoti."

Lyse alikaa kitandani na simu mkononi. Kila kitu kilikuwa kimefungana: timu ilihitaji kocha wa pili, na yeye alimhitaji Peguy, na kila akifikiria namna ya kwenda kwake, miguu ilikuwa inabeba mambo yote mawili kwa pamoja. Aliogopa. Timu ingeweza kushindwa na mwakani ikacheza tena. Mwanaume huyu asingepita tena chini ya fimbo zake.

Jumatatu asubuhi akaenda kwa Jules, Mrundi mwenzake anayewakanda wanamichezo misuli pale chuoni, mtu mzima asiyependa kelele.

"Jules, nisaidie. Nataka jina lako kwenye benchi la fainali Jumamosi."

"Lakrosi mimi siijui, Lyse. Na yule kijana wako?"

"Mambo ya lakrosi nitajua mimi. Yule kijana ndiyo sababu ya kukuomba."

Jules akamtazama, akacheka kidogo, akatia sahihi. Jumatatu hiyohiyo Lyse akapeleka fomu, akasubiri hadi ikagongwa muhuri. Jumanne, saa ambayo kwa kawaida wangekuwa uwanjani, aliwaachia wasichana mazoezi ya mbio, akavaa gauni lake la kitenge cha bluu na viatu vya kisigino, akaenda Greyville.

Peguy alikuwa anapigilia soli. Fulana imekunjamana, ndevu za siku tatu. Yvette alizima muziki saluni, na wateja wawili waliokuwa wanasukwa wakanyamaza wenyewe.

"Nyundo iweke chini, Peguy."

"Niko na kazi."

"Naiona."

Akaweka nyundo, bila kuinua macho. "Umekuja kutafuta kocha, ao umekuja kutafuta mimi? Juu kama ni kocha, lete karatasi nisaini. Wale watoto hawana makosa."

"Benchi limejaa. Jules amesaini jana, wamegonga muhuri. Kocha sihitaji."

Sasa akainua macho. Alimtazama yeye, gauni, visigino, akamtazama tena. "Basi umekuja kufanya nini?"

"Kusema pole. Nilisema vile refa asikufungie. Hiyo ni kweli. Lakini ningeweza kusema wewe ni mgeni katika mchezo, ingetosha. Nilikushusha mbele ya watu, na ulimi wangu haukusita. Nimeona aibu, Peguy. Siwezi kula."

Peguy alipapasa soli kwa kidole gumba. "Na mimi uliniambia niache nyuzi. Nikajifanya najua. Niliona aibu kupeleka kazi yenye uzi inaning'inia, mbele yako." Akaisogeza nyundo kando. "Nilitaka waseme, kocha Lyse iko na fundi."

"Anaye."

Ndani mtu alivuta kamasi. Yvette akamwambia, "Nyamaza wewe, tusikie!"

Peguy akatabasamu kwa shida, akajifuta uso kwa aproni, akajipaka rangi nyeusi shavuni bila kujua. "Lakini kama benchi imejaa, Jumamosi mimi nitakaa wapi?"

"Jukwaani."

"Pamoja na watazamaji?"

"Hapana. Kule mbele, kwenye viti vya familia."

"Familia ya nani?"

"Ya kocha mkuu," Lyse akasema.

Saluni nzima ikapiga vigelegele. Mwanamke mmoja alitoka na nusu ya kichwa imesukwa, akacheza hapohapo barabarani. Peguy hakucheka wala hakucheza. Alisimama, akavua aproni, akaikunja, akamshika Lyse mkono kwa mikono yake miwili yenye gundi.

"Mjomba wako Nzeyimana, si anakaa Cato Manor?"

"Anakaa."

"Mpigie. Mwambie Jumapili asitoke, iko na wageni wa posa."