Mbaazi Zilizoshinda Nyumbani

Siku ile mjinga alikuwa Rogath, na hata yeye mwenyewe hakubisha. Fundi mwashi mzima wa mtaa wa Maisaka, amechuchumaa uani, tindo mkono huu, nyundo mkono ule. Mbele yake sufuria. Ndani ya sufuria, mbaazi zilizoganda zikawa jiwe.

Alipiga. Mbaazi hazikutikisika. Alipiga tena, kwa nguvu za kuvunjia msingi wa nyumba. Tindo likateleza, sufuria ikatoboka ubavuni.

"Baba Allen," sauti ikatoka upande wa pili wa ua, "unapika au unajenga?"

Alikuwa jirani yake Tunu, mama Sele, muuza samaki wa kugandishwa. Rogath akaficha nyundo mgongoni, kama vile sufuria imejitoboa yenyewe.

"Usinicheke, mama Sele. Kaka yangu anataka Clara aache kazi."

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo, na Clara, mkewe Rogath, alikuwa amepata ukarani katika ofisi moja ya mkoa. Aliipenda kazi yake. Lakini alirudi nyumbani giza likiingia. Awashe mkaa, achemshe mbaazi kavu, asubiri. Zilipoiva, Allen mdogo alikuwa ameshalala na njaa yake. Rogath naye alirudi na vumbi la saruji, na upishi aliujua kwa kula tu. Ndipo kaka mtu, Aniceti wa Bonga, akatamka: mwanamke arudi jikoni. Alhamisi angekuja kusikia jibu.

Rogath alikuwa na friza. Aliinunua ili auze barafu, tena mwezi wa Juni, ukungu wa mlima Kwaraha ukiwa umeshuka hadi mlangoni, kisha akashangaa kwa nini wateja hawaji. Tangu hapo ilikaa imezimwa, ikitunza koti lake la kanisani. Wiki hiyo aliiwasha, akatia sufuria ya mbaazi alizopika Clara. Kama samaki wa Tunu wanakaa, mbaazi zitashindwaje?

Tunu akaingia uani, akaitazama sufuria. "Ulizitia za moto?"

"Zilikuwa zinafuka."

"Na sufuria nzima?"

"Na mfuniko wake."

Tunu alicheka mpaka akashika nguzo. "Wazo lako ni zuri, baba Allen. Mikono ndiyo imekuangusha. Chakula cha moto kinapasha friza nzima, na kilichomo humo kinaanza kuharibika. Mbaazi zikiiva, weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, ukoroge, zipoe upesi. Usiziache zilale nje. Halafu gawa kwenye makopo yenye mifuniko, kila kopo mlo mmoja. Usijaze mpaka juu, zikiganda zinavimba. Siku ya kula, zitokote zote, mpaka za katikati. Zikibaki, usizigandishe tena."

"Umeme ukikatika?"

"Usifungue fungue. Baridi itakaa humo muda mrefu. Ukikuta vimeyeyuka na kupata joto, mwaga. Usionje kujaribu bahati."

Jumamosi jioni waliloweka mbaazi. Jumapili, wakitoka kanisani, Clara alipita sokoni akachukua vitunguu na nyanya zilizoiva sana, zile zinazouzwa rahisi kwa sababu hazifiki kesho. Moto mmoja wa mkaa ukapika milo ya wiki nzima. Rogath alikoroga kwenye beseni kama anachanganya udongo, na Tunu akamwambia asisahau kokoto.

Kulipokucha, Rogath alifunua friza akasimama tu. Barafu nyembamba ilikuwa imeota juu ya kila kopo, nyeupe kama unga. Aliifunga polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Alhamisi Clara aliingia jioni, akavua viatu, akajifunga khanga. Alichovya kopo kwenye maji, jiwe likachomoka, akalitia sufuriani na maji kidogo, akaliweka jikoni.

Rogath aliinama juu ya sufuria. Nyumba ngapi alikwishaziona zikiota kutoka ardhini, lakini hili hakuwahi kuliona. Jiwe lilitoka jasho. Ukingo ukalegea. Mbaazi moja ikaanguka, kisha nyingine, kisha kundi zima. Mchuzi mwekundu ukachuruzika kutoka kwenye weupe ule. Halafu mvuke ukapanda na harufu ya kitunguu, kitunguu kile kile cha Jumapili, kana kwamba kilikuwa kimebana pumzi humo siku zote hizo. Rogath akajikuta amevua kofia.

"Hodi," Aniceti akaita mlangoni.

"Karibu, kaka," Rogath alijibu kwa kunong'ona, kama mtu aliye kanisani.

Ugali ulisongwa, wakala. Allen alimsalimu baba yake mkubwa shikamoo, akala bila kusinzia, akaomba tena. Aniceti alifuta sahani, akaongezewa, akaifuta tena. Kisha akaegemea kiti, ameridhika.

"Unaona, Rogath? Mbaazi laini hivi zinataka mwanamke ashinde nyumbani. Leo shemeji hakwenda kazini, na mtoto amekula mapema. Ndicho nilichokuwa nakisema."

Rogath akafungua mdomo. Clara akamtangulia, huku akikusanya sahani.

"Mimi nimeshinda ofisini, shemeji. Zilizoshinda nyumbani ni mbaazi."