Mfuko wa Dawa wa Chiriku

Nyumba ya Chiriku huamka kwa kelele. Baba hutafuta soksi. Mama huuliza nani ameacha bomba linavuja. Na Chiriku huongea. Huongea akipiga mswaki, huongea akivaa viatu, huongea hata akiwa na mkate mdomoni. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Jina lake la daftarini hulijua walimu tu.

"Meza kwanza, ndipo useme," Mama humwambia kila asubuhi.

"Nikimeza nitasahau nilichotaka kusema, Mama."

Chiriku ana pumu. Vumbi likiwa jingi, kifua humbana. Hewa ikiwa baridi sana, kifua humbana. Lakini si mgonjwa wa kitandani. Anakwenda shule, anacheza, anaimba kwaya. Ana pampu yake ndogo ya kuvuta dawa. Muuguzi wa zahanati alisisitiza jambo moja. "Pampu isikae kabatini. Mtoto akibanwa, hatakuwa na muda wa kutafuta funguo. Akae nayo mwenyewe."

Kwa hiyo Mama alimshonea mfuko wa zipu wa kuvaa kiunoni.

Mama ni muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Hukata nyaya, hupima mabomba, na huwaambia mafundi wazima kwamba vipimo vyao si sahihi. Kushona hakufundishwa na mtu, lakini cherehani ya mkono anayo. "Mfuko ni kitu gani?" alisema. "Kitambaa na zipu." Aliumaliza jioni moja. Kwa nje ulipendeza. Kwa ndani hakuna aliyetazama.

Kwa ndani kingo za kitambaa zilikuwa wazi. Kila siku zilichakaa kidogo, zikaota nyuzi kama ndevu za mahindi.

Siku moja wanakwaya walikuwa wakisogeza madawati ukumbini. Vumbi likatimka. Chiriku alikuwa akisimulia kisa, akanyamaza katikati ya neno. Kifua kilikuwa kimebana. Alivuta zipu. Zipu ikatembea kidogo, ikagoma. Uzi ulikuwa umeingia kwenye meno. Akavuta tena. Rafiki yake akavuta. Wapi! Mwalimu wa kwaya akaja mbio na mkasi, akaupasua mfuko ubavuni, akaitoa pampu.

Chiriku alipata nafuu. Jioni mwalimu alimleta nyumbani, mfuko uliopasuka mkononi. Chiriku akaketi pembeni bila kusema neno. Kimya hicho kilimtisha Mama kuliko mfuko.

"Mama Chiriku, nitasema wazi," mwalimu alisema, akiwa bado amesimama. "Mashindano ya kwaya yako karibu, na ni mbali. Binti ana sauti, namtaka. Lakini sitasafiri na mtoto ambaye dawa yake imefungiwa. Nataka nimwone akifungua mfuko wake bila kutazama na bila kusaidiwa. Nisipoona, atabaki."

"Atakwenda," Mama alisema.

"Sijamkataa. Nataka kuona."

"Utaona."

Mwalimu alipoondoka, Baba aliuchukua mfuko, akaugeuza huku na huku. Baba ni fundi rangi.

"Tumwekee kwenye mfuko wa plastiki?"

"Utatoboka."

"Basi kopo. Makopo ninayo tele."

"Mtoto aimbe na kopo la rangi kiunoni? Watadhani amekuja kupaka ukumbi."

Baba alijikuna kidevu. "Basi nenda kwa dada."

Dada yake Baba ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, nyumba yake iko mtaa wa nyuma. Lakini Mama aliwahi kusema mbele za watu, "Wifi yangu akishona, konokono anampita." Wifi alisikia. Wifi husikia kila kitu.

"Mama," Chiriku alisema kwa sauti ndogo, "si lazima niende."

Mama akageuka. "Nani kakwambia si lazima?"

Akavaa viatu, akatoka.

*

Wifi alikuwa mbele ya cherehani yake, miwani ncha ya pua, vipande vya sare vimemzunguka pande zote.

"Karibu, wifi. Umepotea njia? Hapa ni kwa konokono."

"Cheka," Mama alisema. "Ukimaliza kucheka, tuanze kazi."

Wifi alicheka kweli, mpaka akavua miwani. Kisha akaupokea mfuko, akaugeuza ndani nje. Kicheko kikakatika.

"Ndio uliokwama?"

"Ndio. Na mtoto kifua kimembana."

Wifi akauweka mezani taratibu. "Zipu haina kosa, wifi. Tazama. Mishono yote umeiacha uchi. Kitambaa kilichokatwa hutoa nyuzi, ufanye usifanye. Nyuzi zilizo jirani na zipu huingia kwenye meno. Halafu mfuko wenyewe ni bapa kama bahasha. Pampu ni nene, inausukuma, na zipu inapinda. Zipu iliyopinda na uzi ndani yake, hiyo ni kufuli."

"Nishonee mwingine. Nitaupitia kesho."

"Sikushonei."

"Wifi!"

"Nitakufundisha. Mtoto atakua, mfuko utachakaa, na mimi sitakuwa kando yako kila siku. Njoo Jumamosi. Uje na pampu yenyewe. Kipimo ni pampu, siyo kichwa chako."

*

Jumamosi Mama alifika mapema, Chiriku nyuma yake. Alikuwa na pampu, zipu ndefu ya meno ya plastiki, na futi ya dukani, ile ya chuma.

"Unajenga ghorofa?" Wifi aliuliza.

"Tupime," Mama alisema.

Waliilaza pampu mezani. Wifi akasema mfuko uwe kama kisanduku, wenye kimo na upana, ili pampu ikae bila kubanwa. Walikata kitambaa kigumu cha nje na bitana laini ya ndani, vyote saizi moja, na katikati wakaweka sponji nyembamba. Wifi akapitisha mishono michache juu ya tabaka zote tatu. Zikawa kama kitambaa kimoja kinene.

"Sasa utepe," alisema. Akachukua pamba nyepesi ya buluu, akaikata vipande vyembamba kwa mshazari, kutoka kona hadi kona.

"Mbona unapoteza kitambaa? Kata wima, uokoe."

"Vuta hiki." Wifi alimpa kipande kilichokatwa wima. Hakikuvutika. "Sasa hiki cha mshazari."

Kikavutika.

"Cha mshazari hupinda kwenye kona bila kujikunja ovyo. Ndicho tutakachoivisha mishono."

Wifi alimwonyesha kwenye kipande kibovu. Alilaza utepe ukingoni, akaushona. Akaugeuzia upande wa pili, akakunja ncha yake chini, akaushona tena. Ukingo ukapotea ndani ya utepe. Hakukuwa na uzi hata mmoja wa kuonekana.

"Anza na kingo mbili zitakazopakana na zipu," alisema. "Hizo ndizo hatari. Zivishe kabla zipu haijawekwa."

Mama aliketi kwenye cherehani. Utepe wa kwanza ulikwenda upogo.

"Fumua," Wifi alisema.

"Unaonekana?"

"Mimi nauona. Na uzi utauona."

Mama akafumua. Wa pili ukanyooka. Akashona zipu upande mmoja, kisha akaifungua na kushona upande wa pili. Kitambaa kikawa mviringo, wazi huku na huku.

"Hili ni bomba," Mama alisema, uso ukikunjuka kwa mara ya kwanza. "Bomba nalijua."

Waligeuza bomba ndani nje. Wakalilaza bapa, zipu ikiwa juu katikati, wakapiga pasi mikunjo ya pembeni ili alama zibaki. Chiriku alikata vitanzi viwili vya mkanda. Wifi akavibana kwa ndani, kimoja kila mwisho, vishonwe pamoja na mshono.

Hapo mteja akaita mlangoni. "Nisubiri," Wifi alisema, akatoka.

Mama hakusubiri. Aliona zipu imeachama, akaifunga ili kazi iwe nadhifu. Akashona mwisho mmoja, akashona wa pili, akaivisha yote utepe. Safari hii ulinyooka kama rula. Wifi aliporudi, Mama alimnyooshea kwa fahari.

Wifi akatazama. Akatazama tena.

"Wifi. Zipu uliiacha wazi?"

Mama akaupapasa mfuko huku na huku. Mfuko ulikuwa ndani nje, umefungwa pande zote, na kichwa cha zipu kilikuwa kimebaki upande wa ndani. Hakukuwa na njia ya kukifikia.

"Utaugeuza kwa wapi?" Wifi aliuliza. "Wifi yangu, umeshona mto wa panya."

Chiriku akajifunika mdomo. Mabega yalimtikisika.

"Cheka tu," Mama alisema. "Wote chekeni." Akachukua wembe.

"Lete, nikusaidie kufumua."

"Hapana. Mkono uliokosea ndio ufumue."

Alifumua utepe, akafumua mshono, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya wembe, asikate kitambaa. Mgongo ulimuuma. Hakuinuka. Alipomaliza aliivuta zipu mpaka nusu, akaitazama, ndipo akashona upya.

"Sema," Wifi alimwambia.

"Niseme nini?"

"Sema ili usisahau."

"Kabla ya kufunga miisho, zipu iwe wazi."

"Shangazi, na mimi niseme?" Chiriku aliuliza.

"Wewe hujawahi kuomba ruhusa ya kusema. Leo una nini?"

Zilibaki kona nne. Wifi akaifinya kona moja hadi mshono uliofunga mwisho wa mfuko ukakutana na alama ya pasi. Ikawa pembetatu. Akachora mstari kukatisha. "Upana wa mstari huu ndio kimo cha kisanduku. Pima kona zote sawa. Ukikosea moja, kisanduku kitachechemea."

Hapo futi ya Mama ikapata kazi. Alipima kila kona, akarudia kupima. Akashona juu ya mistari, ndipo akazikata pembetatu, akiacha ukingo mdogo. Kila ukingo akauvisha utepe, na kila ncha ya utepe akaikunja ndani kwanza, ili isitoe uzi wake yenyewe.

Kisha akaingiza vidole kwenye zipu, akaugeuza mfuko. Kona zikatokeza moja baada ya nyingine. Kisanduku kidogo kikasimama mezani chenyewe.

Wifi alipitisha kidole ndani, kona kwa kona, akitafuta kosa. Alitafuta sana.

"Hakuna," alisema mwishowe.

"Sema vizuri, sijasikia."

"Nimesema hakuna! Hata konokono angejivunia."

Walifunga kamba nene yenye fundo kwenye kichwa cha zipu, ili kidole kikipapasa kiipate. Wakapitisha mkanda kwenye vitanzi viwili, Chiriku akauvaa. Kwa kuwa mfuko ulishikwa kila upande, haukukimbia mkono ulipovutwa.

"Funga macho," Mama alisema. "Fungua."

*Zriii.*

"Funga. Sasa ruka ruka, kisha fungua."

*Zriii.*

"Mama, nimechoka."

"Zipu haijachoka. Tena."

*

Jumatatu, shuleni, mbele ya Mama, mwalimu wa kwaya alimgeuza Chiriku aangalie ukuta. Zipu ikafunguka, pampu ikatoka. Mwalimu akauomba mfuko, akachungulia ndani, akapapasa tepe za buluu.

"Kama ni huu, twende," alisema.

"Nilikwambia utaona," Mama alijibu.

Siku ya mashindano Mama na Wifi walikaa kiti na kiti. Ukumbi ulikuwa umejaa, na watu walikuwa bado wakiburuta viti. Kwaya ilisimama pembeni ya jukwaa, ikingoja zamu. Mama alimwona binti yake akimnong'oneza jirani yake. Kisha akamwona akinyamaza. Mabega yalipanda.

Mama akainuka. Wifi akamvuta sketi.

"Niache!"

"Kaa. Mfuko si umeushona?"

"Mtoto anabanwa!"

"Mtazame, wifi. Mtazame kwanza."

Mkono wa Chiriku ulikuwa umeshafika kiunoni. Hakutazama chini. Alivuta kamba mara moja, akatoa pampu, akafungua kifuniko, akaitikisa. Akatoa pumzi yote. Akaiweka mdomoni, akabonyeza huku akivuta taratibu, kisha akaishikilia pumzi. Akangoja kidogo, akarudia. Mwalimu aliyekuwa kando yake alimtazama tu. Hakukuwa na kazi ya mkasi.

Mama aliketi. Akaibana mikono kati ya magoti. Mabega ya Chiriku yalishuka. Alirudisha pampu mfukoni, akafunga zipu. Akasema kitu, na jirani yake akacheka.

Kwaya ilipanda jukwaani. Ilipofika zamu ya sauti moja peke yake, iliyosikika ilikuwa ya Chiriku, nyembamba na ndefu, haikukatika.

Njia nzima ya kurudi, Chiriku hakufunga mdomo. Alimsimulia Baba kwa simu, akamsimulia shangazi yake aliyekuwapo, akamsimulia dereva asiyemjua. Alisimulia hata mkate ukiwa mdomoni.

Siku hiyo Mama hakumwambia ameze kwanza.