Nailoni ya Pikapu ya Baba

"Vero, ukivuta tena hiyo nailoni, harusi hakuna!"

Nikacheka. Nilijua ananitania.

Yeye hakucheka...

Elipidius, mchumba wangu, mfanyabiashara wa maharage, mwanaume ambaye keshokutwa Jumamosi angenivisha pete kanisani, alikuwa amenibana mkono mpaka kitambaa kikanidondoka kwenye ndoo.

Mbele za watu! Pale pale Omurushaka, kwenye kijiwe ninachooshea magari!

Ngojeni niwaeleze ilivyoanza, maana nawajua, kuna watakaosema nilimkosea.

Mwaka jana, siku ya kujitambulisha kwetu Kituntu, Elipidius alimletea baba yangu pikapu nyeupe. Boneti na milango bado vina nailoni, ile ya kukinga rangi inayobandikwa kwa gundi.

"Mzee, ni mpya kabisa! Hata nailoni sijaitoa."

Kadi ya gari? Eti bado inashughulikiwa.

Baba yangu, Mzee Placidius, mkulima wa kahawa na ndizi, akagoma kuitoa ile nailoni. Si mnatujua watu wa huku? Kochi linakaa na nailoni miaka mitano, tunakaa tunatokwa jasho, ilimradi mgeni ajue ni jipya! Basi pikapu ikaenda shamba na nailoni, kanisani na nailoni, msibani na nailoni. Jua likaipiga mwaka mzima, ikakauka na kung'ang'ania bati.

Mimi kichwa kilivimba. Nani mwingine Kituntu nzima aliletewa hivyo?

Baba peke yake ndiye hakutulia. Miezi miwili nyuma aliniuliza.

"Vero, huko kwa kina Elipidius, Kyerwa, umeshafika?"

"Tata, umeanza! Hutaki niolewe?"

Nilimfokea, jamani. Na siku tatu nzima sikumpa shikamoo. Baba yangu mzazi! Napita mbele yake kama napita mbele ya mgomba. Hakuniuliza tena.

Sasa Alhamisi ile, asubuhi, akaileta pikapu mwenyewe kijiweni.

"Mwanangu, itoe nailoni yote. Hasa mlango huu wa abiria."

"Leo? Si ulisema isiguswe?"

"Harusi ni keshokutwa. Itoe."

Akavuka barabara, akakaa kwenye benchi la mama wa chai.

Nikaanza na boneti. Nailoni iliyokauka haitaki papara. Ukiivuta kwa hasira inakatika vipande vipande kama ganda la yai. Nikalaza kitambaa cha maji ya moto, nikasubiri ilainike, nikainua ncha kwa kadi ya plastiki... kisu marufuku, kinachana rangi! Gundi iliyobaki nikaipaka mafuta ya kula, nikaiacha inywe, nikafuta, nikaosha kwa sabuni.

Boneti ikang'aa! Kwa furaha nikaipiga picha, nikamtumia Elipidius.

"Baby, ona zawadi yako! Sasa naingia mlangoni."



Dakika kumi na tano baadaye bodaboda ikafunga breki mbele yangu, akaruka kabla haijasimama. Ndipo akanishika mkono.

"Utaharibu rangi!" akasema.

"Hii ni kazi yangu, Eli. Mimi nimewahi kukufundisha kununua maharage?"

"Nimesema acha, Vero!"

Jasho linamtoka... midomo imekauka... Nikaogopa. Lakini kuna kitu kikaniuma. Mtu anavunja harusi kwa sababu ya nailoni?

Nikajinasua. Nikashika ncha, nikavuta taratibu, nimeilaza karibu na bati.

Khrrrrr...

Ikatoka karibu yote kwa mkupuo. Gundi tupu ikabaki mlangoni, imejaa kama ukoko. Nikaipaka mafuta.

Elipidius akageuka, akanyakua msasa kwenye meza ya fundi rangi jirani.

"Pisha! Nimalizie mimi!"

"Msasa kwenye rangi? Una wazimu?"

Akanisukuma! Nikajigonga kwenye kioo cha pembeni. Akainua ule msasa...

"Mkwe."

Baba. Hata sikumwona anavuka barabara.

"Shikamoo mzee, mimi namsaidia tu..."

"Marahaba. Weka msasa chini. Mwache amalize kazi yake."

Hakupaza sauti. Elipidius akauweka chini.

Nikafuta mlango. Gundi ya juu ikatoka yote. Lakini chini yake kulikuwa na gundi nyingine, ngumu, ya zamani, imekaa kwa mistari. Nikafuta tena. Haikutoka. Nikarudi nyuma hatua mbili nitazame vizuri...

Yalikuwa maandishi!

Mtu alibandua stika za herufi mlangoni, gundi yake ikabaki, halafu akafunika na nailoni juu.

NYIRANSABIMANA. MAHARAGE. KYERWA.

Na chini yake, namba ya simu.

"Eli, huyu nani?"

"Sawa, sawa! Nilidanganya kidogo, gari ni la mkononi. Huyo ndiye aliyeniuzia."

"Basi tumpigie tumshukuru."

"Vero, usipige... Nakuomba..."

Nikapiga. Nikaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naulizia ile pikapu yako nyeupe."

Sauti ikapanda.

"Ni polisi? Mmeipata? Jamani, ndiyo iliyokuwa inatulisha!"

"Iliibiwa?"

"Mwaka jana! Mume wangu aliipeleka Bukoba na maharage. Akarudi mikono mitupu, analia, anasema wamemnyang'anya njiani."



"Mumeo anaitwa nani, mama?"

"Elipidius. Kwani vipi? Kapata ajali? Tangu Jumatatu yuko msibani huko Karagwe!"

Nikageuka...

Msiba wenyewe ulikuwa umesharukia bodaboda, vumbi tu!

Nikakaa chini, kwenye maji na povu. Suti ya baba imeshashonwa. Kadi zimeshagawiwa. Nililia mpaka mama wa chai akaacha vikombe vyake akaja kunifunika kanga.

Nilipoinua uso, nikamwona baba amesimama vile vile. Hakushangaa hata kidogo...

"Tata... ulijua?"

"Jumapili nilikuwa naiosha twende kanisani. Kiganja kikapita pale mlangoni, nikahisi herufi chini ya nailoni. Sikuweza kuzisoma, lakini nikajua gari lina mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akachuchumaa karibu yangu.

"Niliwahi kukuuliza neno moja tu, nikakosa shikamoo siku tatu. Ningekuambia na hili, ungeolewa kwa hasira. Lakini mikono yako unaiamini, mwana wange. Ndiyo maana nikakuletea kazi."

Wapendwa, maneno yale yaliniuma kuliko yote aliyonifanyia Elipidius.

Ijumaa tulimrudishia mama Nyiransabimana pikapu yake Kyerwa. Zile herufi sikuzifuta. Alizipapasa moja moja kwa kidole, halafu akanikumbatia, mimi niliyekuwa naolewa na mume wake! Tukarudi Kituntu na baba tumebanana kwenye bodaboda moja.

Wewe unayesoma hapa ukiwa umemnunia mzazi kwa sababu ya mchumba, nakuomba usifanye nilivyofanya. Anayekupenda akiuliza swali, mjibu. Na mtu akikataza usiangalie chini ya kitu, angalia leo, usisubiri kadi za harusi zigawiwe.

Jumamosi asubuhi, saa ambayo ningekuwa navalishwa shela, nilimkuta baba uani anaanika kahawa. Nikapiga magoti mbele yake.

Nikamwamkia mara nne. Moja ya siku hiyo, na tatu za zile siku nilizomnyima.

Zote nne akaniitikia.