Sabuni Mlangoni pa Kanisa

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake ya shule, Vanessa aliketi uani kwao, mjini Bunia, akaweka magongo yake kando na kukoroga mafuta ya mawese na soda kali ya kutengenezea sabuni. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni, lakini mikono yake, acha kabisa! Sabuni ikishika aliikata vipande, akaviacha ubaoni mpaka vikauke vizuri. Alitamani siku moja awe na kibanda chake sokoni.

Jumapili aliuza mlangoni pa kanisa, na huko ndiko mambo yalikoharibika. Waumini waliona magongo kabla ya sabuni. Waliamini kwamba kumpa mlemavu kunaleta baraka, basi waliweka noti, wakasema, "Mungu akubariki, mutoto," wakaenda zao mikono mitupu. Vanessa alirudi na pesa na sabuni ileile. Nani angekataa? Taratibu uvivu ukamwingia. Akaanza kupima soda kwa macho na kuuza sabuni mbichi, kabla haijakauka.

Mama Jeanine, aliyefua mavazi ya korali, ndiye pekee aliyeichukua. Jumapili moja alikuja na mikono iliyobabuka.

"Vanessa, angalia. Sabuni yako imenichoma. Nilitaka korali yote inunue kwako. Sasa nitawaambia nini?"

"Pardon, mama. Unisikilie huruma. Unaona vile niko."

"Ninaona. Lakini miguu haikukoroga hii sabuni. Mikono ndiyo ilikoroga, na yako iko mizima."

Vanessa aliona aibu hata akashindwa kuinua uso. "Unipatie nafasi ingine, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Kwa wiki kadhaa hakuuza. Alipima, akakoroga, akangoja. Alisali pia, ila hakumwomba Mungu aikaushe sabuni upesi. Mama Jeanine alipoijaribu, mikono haikumwasha tena, na korali ikaagiza.

Jumapili iliyofuata mzee mmoja aliweka noti, akageuka aende.

"Papa, sabuni yako!"

"Hapana, mutoto. Iko sadaka."

"Sadaka peleka mule ndani, papa. Hapa iko sabuni."

Mzee aliduwaa, akacheka, akachagua kipande kikubwa na kukinusa.

Mama Jeanine, aliyesimama karibu, alimshika Vanessa bega. "Mungu anasikia maombi yako, mwanangu, na mwenye kununua anategemea mikono yako. Usidanganye hata mumoja wao."