Matairi Mapya ya Gari-Nyumba

Kila Jumamosi asubuhi, Sabina alikuwa na kazi ya kuosha gari-nyumba la wazazi wake. Lilikuwa gari refu, jeupe, lenye vitanda, jiko la gesi, sinki na tangi la maji ndani yake. Wazungu wawili walikuwa wamelizungusha karibu nusu ya Afrika. Walipofika Arusha walikuwa wamechoka na safari, wakamuuzia baba yake, Bwana Philemoni, aliyekuwa dereva wa watalii. Tangu hapo, familia hiyo ya Usa River ililikodisha kwa watu waliopenda kusafiri na kulala porini.

Msimu wa masika hakukuwa na wateja, na gari lilikaa tu uani. Sasa mvua zilikuwa zimekatika. Bwana Arnold, mfanyabiashara wa Moshi, alikuwa amelikodi ili aende Ziwa Natron pamoja na mke wake na watoto wao mapacha.

"Sabina, acha ndoo kwanza, njoo uone," baba alimwita. Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma. Ubavu wa tairi ulikuwa na nyufa nyembamba nyingi, kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu.

"Lakini baba, meno yake bado marefu," alisema Sabina. "Tairi bovu si lile lenye kipara?"

"Hilo ni bovu, na hili nalo ni bovu. Gari likisimama sana nje kwenye mvua na jua, mpira unakauka na kupasuka hata kama halijatembea. Itabidi tununue mapya, yote manne."

Sabina aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Moyoni alijiuliza, kitu kinachakaaje kwa kupumzika?

Hakuuliza, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuuliza. Alikuwa darasa la sita, na kwa Kiingereza hakuna aliyemfikia. Wenzake walimwita Dikshenari. Baba yake alikuwa amejifunza Kiingereza kwa kusikiliza watalii, lakini kusoma kulimpa taabu. Kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia nyumbani ilipelekwa kwa Sabina, naye hakuwahi kusema imemshinda.

Mchana huo walikwenda mjini na tairi moja la zamani kama mfano. Katika duka moja la Elerai walimkuta muuzaji kijana, Brayson, aliyekuwa amevaa fulana safi kuliko wauza matairi wote wa mtaa ule.

"Shikamoo," Sabina alimsalimia.

"Marahaba, binti. Karibu mzee. Saizi hii ninayo!" Akabingirisha tairi jipya, jeusi, linalong'aa. "Hili ni la kisasa. Laini barabarani, halipigi kelele."

Baba alimgeukia Sabina. "Hebu soma mama, uhakikishe ni sawa na letu."

Sabina aliinama. Namba kubwa za saizi zilikuwa zilezile kwenye matairi yote mawili. Lakini chini yake palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Tairi la zamani liliandikwa mzigo wa mwisho ni kilo elfu moja mia mbili na hamsini. Lile jipya liliandikwa kilo mia tisa.

Kichwa chake kikaanza kuzunguka. Mzigo gani? Vitu vinavyopakiwa, au na gari lenyewe? Ni mzigo wa tairi moja, au wa yote manne? Aliwaza vitanda, masufuria na mablanketi yao. Hata ukiongeza mapacha, havifiki kilo mia tisa. Lakini kama ni hivyo, kwa nini kuandika mia tisa hapa, na zaidi pale?

"Kaka, mbona hizi namba za chini hazifanani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hayo ni mambo ya kiwandani tu," Brayson alijibu upesi. "Saizi ikiwa moja, tairi linakaa."

Baba alimtazama Sabina usoni. "Umeelewa, mwanangu?"

"Ndiyo, baba," alisema Sabina.

Matairi yakafungwa.

Ijumaa jioni, baba alijaza tangi la maji, akapakia mitungi ya gesi, meza na viti, kisha akawachukua Sabina na mama yake ili walijaribu gari kwenye barabara inayopanda kuelekea Momela. Kwenye lami halikuwa na neno. Walipoanza kona za barabara ya vumbi, gari likawa linalala upande huu, kisha upande ule, na vikombe vikagongana kabatini.

"Baba Sabina, mbona linayumba hivi?" aliuliza mama, huku ameshikilia kiti.

"Ni mapya. Yatazoea."

Walisimama. Matairi ya nyuma yalikuwa yamebonyea na kutanuka chini, kama maandazi yaliyokaliwa. Baba alikuwa na pampu, akayaongeza upepo. Yakanyanyuka kidogo, lakini safari ya kurudi gari liliyumba vilevile. Baba aliendesha mikono imebana usukani.

Sabina alikaa nyuma akiwa na kiwewe. Labda ni upepo, labda ni barabara, labda ndivyo matairi mapya yalivyo. Kila jibu alilolishika lilimponyoka. Akawakumbuka wale mapacha, ambao alikuwa amewaona siku Bwana Arnold alipokuja kuliona gari. Walikuwa wamepanda kitanda cha juu wakicheka na kugombania dirisha. Vipi kama tairi lingepasuka huko Natron, kwenye mawe na jua kali, wakiwa wamelala juu kule?

Gari lilipoingia uani, hakushuka.

"Baba," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Dukani nilisema nimeelewa. Sikuelewa. Yale maandishi ya mzigo sijui maana yake mpaka sasa."

Baba alizima injini. Sabina akadhani atagombezwa.

"Hata mimi sikuelewa," baba alisema. "Niliona unasoma, nikasema moyoni, Sabina amejua. Nikaona aibu kuuliza mbele ya yule kijana."

"Na mimi nilidhani wewe umejua, ndiyo maana ukalipia."

Mama aliwatazama wote wawili. "Kwa hiyo mmefunga matairi ambayo hakuna anayeyajua?" Alitaka kucheka, lakini uso wake ukabadilika. "Kesho asubuhi tupite kwenye shamba ninakofanya kazi. Malori ya mboga yanapimwa pale kwenye mizani kabla ya kuondoka. Tupime na hili, kila kitu kikiwa ndani."

Asubuhi, kabla ya jambo jingine, baba alimpigia simu Bwana Arnold. "Ndugu yangu, gari halijawa tayari. Naomba msije leo, mje kesho." Bwana Arnold hakufurahi, na sauti yake ilisikika mpaka nje ya simu. Baba alivumilia, akarudia, "Nisamehe, lakini leo sitakupa."

Shambani, mpimaji wa malori alimwambia baba apandishe magurudumu ya nyuma peke yake juu ya mizani. Ikaonyesha kilo elfu mbili na mia mbili.

"Hapo ni gari, maji na kila kilichomo," alisema. "Uzito huo wote umelalia matairi mawili ya nyuma."

Sabina aligawanya kwa mbili. Kila tairi lilikuwa linabeba kilo elfu moja na mia moja, nalo limeandikwa mia tisa! Ghafla yale maandishi yakawa mepesi. Mzigo wa tairi ni gari lenyewe pamoja na vyote vilivyomo, na kila tairi lina fungu lake.

Walirudi Elerai. Brayson alianza kukataa. "Mzee, mmeshayatumia haya." Sabina akamwomba asome mwenyewe, akamweleza habari ya mizani. Brayson alisoma mara mbili, akajikuna kichwa.

"Nilikwambia ni mambo ya kiwandani," alisema kwa unyonge. "Ukweli ni kwamba sikujua." Akaingia stoo, akatoka na matairi mazito, ya kubebea mizigo, yasiyong'aa. Baba akaongeza tofauti ya bei, na safari hii Sabina alisoma kila mstari. Neno moja lilimshinda, akasema, "Hili silijui." Wakaliuliza mpaka wakalijua.

Jumapili baada ya ibada, gari-nyumba liliondoka limetulia barabarani, mapacha wakipunga mikono dirishani. Baba alimshika Sabina bega.

"Mwanangu, tulikuwa watu watatu dukani, na kila mmoja alificha kutojua kwake nyuma ya mwenzake. Kutojua hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kusema ndiyo wakati moyo unasema sijui. Ndiyo ya namna hiyo ingeweza kuua watoto wa watu. Kuanzia leo, mimi na wewe, tukikwama, tuseme tumekwama."

"Sawa, baba," alisema Sabina, na mara hii alikuwa ameelewa kweli.