Risasi Isiyo na Mlio

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kisiki aliwapa mbuzi chumvi. Aliimwaga ndani ya makasha ya betri za magari, ambayo baba yake, fundi betri, aliyapasua akayageuza vihori. Jina hilo la Kisiki alipewa na bibi yake, kwa sababu akikataa jambo, kumng'oa ni kazi.

"Ona wanavyolamba!" baba alipenda kusema. "Wenzetu wanatupa, sisi tunatumia."

Wiki moja mbuzi mweupe alianza kusaga meno. Kisha akawa anajigonga ukutani kama haoni. Jumamosi baba akamchinja. "Heri nyama kuliko mzoga," alisema. Kwa huruma yake, akatenga maini yote kwa ajili ya kitinda mimba, aliyekuwa ndiyo kwanza anapona homa.

Mama alipotaka kuinjika sufuria ya maini, Kisiki aliinyakua, akaikumbatia na kuketi nayo kizingitini.

"Maini haya hayaliwi."

"We mtoto, una wazimu?" baba akauliza.

"Mwalimu wa sayansi ametufundisha. Ndani ya betri kuna risasi. Mnyama akiilamba kidogo kidogo, inajikusanya kwenye maini, figo na mifupa."

Baba akacheka. "Risasi? Kwani mbuzi wangu kapigwa bunduki?"

"Labda alikuwa jambazi!" kaka yake akadakia, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Kisiki hakucheka. "Ni madini, baba. Jina moja, vitu viwili."

"Basi nitayachemsha sana," mama akasema kwa upole.

"Risasi haifi kwa moto, mama. Si mdudu."

"Lete sufuria!" baba akanguruma. "Tangu lini yai likamfundisha kuku?"

Machozi yalimtoka Kisiki, lakini mikono haikulegea. "Nichape, baba. Ila mdogo wangu hayali."

Mama akamfuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake, kisha akaketi kando yake. "Basi utatuchapa wawili," alimwambia mumewe. "Au umwite daktari wa mifugo."

Baba akasonya, lakini akaenda.

Daktari alichukua kipande cha ini na cha figo, akawatoa damu mbuzi waliobaki. "Nyama msile, maziwa msinywe, mpaka majibu yatoke."

Majibu yalitoka baada ya siku kumi. Ini lilijaa risasi, na mbuzi wengine wawili walikuwa nayo katika damu. Kitinda mimba alipimwa zahanati, akakutwa salama. Baba alifukia nyama yote aliyokuwa ameikausha, akahamishia betri mbali na zizi, akachonga kihori cha mbao. Kisha akamwita Kisiki amwage chumvi ya kwanza.

"Mwanangu, risasi ya bunduki hulia, mtu akakimbia. Hii huingia kimya, na mimi ndiye niliyekuwa naiandaa kwa mkono wangu. Heshima si kunyamaza unapoona hatari. Siku nyingine nikikosea, keti tena kizingitini."

"Nitaketi," Kisiki akajibu. "Na sufuria sitoi."