Mkono Usio na Kazi

Siku za mwisho wa mwezi saluni ile ya chini ya jengo la maduka haikuwa na pa kuweka mguu. Madraya ya nywele yanavuma, simu zinalia, na harufu ya asetoni ya kutolea rangi za kucha inakwaruza koo. Katikati ya vurugu hiyo akaingia mwanaume mrefu, shati la kijani limenyooshwa pasi mpaka kola, gitaa mgongoni, mkono wa kulia umefichwa mfukoni.

"Habari za kazi. Nimekuja kutolewa jeli ya kucha na kuwekwa nyingine," alisema kwa sauti ya chini.

Wateja waligeuka wote kwa pamoja.

"Zako au za mkeo?" aliuliza Kobe.

Kobe ndilo jina ambalo wenzake walimpa binti huyo, fundi wa kucha, kwa uzito wa mikono yake, na alishalizoea.

"Mke sina. Ni zangu." Akautoa mkono. Kucha zake zilikuwa zimewekewa jeli nene ya kuziimarisha, isiyo na rangi, iliyoanza kuinuka pembeni. "Nyuzi zinazila. Bila jeli, gitaa langu linanong'ona tu."

Kobe alimkalisha, akaanza kidole kimoja kimoja: anasaga jeli kwa mashine ndogo, anafunga pamba yenye asetoni kwa karatasi ya foili, anasubiri, anafungua, anakwangua, ndipo ahamie kidole kingine.

"Fundi, wewe huna haraka na dunia."

"Kwani una safari?"

"Nilikuwa nayo. Nimeisahau."

Kobe aliinama kuficha tabasamu, lakini masikio yalishamchoma.

Tangu hapo kila jeli ilipoinuka, mpiga gitaa alirudi. Kati ya siku hizo walipigiana simu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Vidole vinasemaje?"

"Vinakuulizia."

Utani ulikuwa mwingi, neno lenyewe la mapenzi hakuna aliyethubutu kulisema.

Kisha mama mwenye saluni akamwita pembeni. "Mwanangu, mikono yako ni mizuri, ila wateja wanaondoka wamenuna kwa kuchoka kusubiri. Ukiendelea hivi, kiti nampa mwingine."

Kobe alirudi nyumbani akiwaza namna ya kuongeza kasi. Aliishi na shangazi yake, mwanamke mpenda kucha ndefu, akamgeuza uwanja wa mazoezi. Ndipo alipogundua kwamba muda ulikuwa unaliwa na kule kusubiri. Sasa alisaga kwanza tabaka la juu la kucha za vidole vyote, jeli ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha akavifunga vyote mfululizo. Alipomaliza cha mwisho, cha kwanza kilikuwa kimelainika, akakisukuma na kijiti tu.

"Kumbe siku zote ulikuwa unasubiri bure," alisema shangazi.

Wiki ile ile wateja waliacha kununa. Ila mpiga gitaa alipokaa mezani, Kobe aliurudia mwendo wake wa zamani, kidole kimoja kimoja. Aliogopa. Meza ile ndiyo pekee iliyompa ruhusa ya kumshika mkono. Akimaliza upesi, atabaki na nini?

Siku moja mpiga gitaa aliingia na koti jeusi na viatu vinavyong'aa, macho kwenye saa ya ukutani.

"Fundi wangu, leo nina haraka. Kuna hoteli inatafuta mpiga gitaa, naenda kujaribiwa."

"Usijali," alisema Kobe, na moyo ukamshuka. Akipata kazi ya hoteli, atakumbuka saluni? Akasaga kucha ya kwanza, akaifunga, akasubiri. Alisikia kiatu cha mwenzake kikigongagonga sakafu. Kobe alijua anachofanya, na hakuacha.

Mchana mpiga gitaa alirudi, tai imelegea. Alichelewa, na hoteli ilikuwa imeshamchukua mwingine. Alikuwa anakuja kwa Kobe kutafuta mtu wa kumliwaza. Kupitia kioo cha mlango akamwona anamfungua bibi harusi mmoja foili za vidole kumi, kimoja baada ya kingine, mikono inakwenda kama inamenya njugu.

Kobe aliinua uso, macho yakakutana.

"Kumbe unaweza," alisema mpiga gitaa mlangoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Kobe zaidi.

"Subiri nikueleze."

"Nilikwambia nina haraka. Ulinisikia." Akaondoka.

Kobe alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akaandika ujumbe, akaufuta. Siku zilizofuata kila mlango ulipofunguliwa alishtuka, na usingizi ukampaa.

"Umemwambia ukweli?" aliuliza shangazi.

"Ukweli wenyewe ni wa aibu."

"Basi kaa na aibu yako, tuone kama itakupigia simu."

Simu ilikuja asubuhi moja, saluni ndiyo kwanza inafunguliwa.

"Fundi." Ile "wangu" haikuwepo. "Waliyemchukua amewakimbia. Wananitaka leo, sasa hivi. Kucha ya kati imepasuka, zingine zimeinuka. Sina fundi mwingine anayezijua."

"Njoo."

Mpiga gitaa alikaa bila utani. Kobe aliwasha mashine, akaipitisha juu ya kucha bila kuituliza mahali pamoja, isije ikamuunguza. Vumbi jeupe lilimjaa kwenye nyusi. Kucha zote zilisagwa, zote zikafungwa, na mikono yake ilikuwa inakimbia.

"Siku ile nilikuchelewesha makusudi," alisema bila kuinua uso.

"Hilo niliona. Sababu ndiyo sikuiona. Nilidhani unanichezea."

"Sikutaka uondoke. Nikimaliza kucha, sina sababu nyingine ya kukushika mkono. Nakupenda, na nimekuharibia kazi. Nisamehe."

Foili zilifunguliwa, jeli ikatoka yenyewe, mpya ikapakwa, ikakaushwa kwenye taa. Mpiga gitaa aliitazama saa, akautazama mkono wake.

"Mbona mapema hivi?"

"Nenda. Wanakusubiri."

Akachukua gitaa, akatoka.

"Mwanangu, kasi hiyo hata mimi sina," alisema mama mwenye saluni. Sifa ile aliyoitafuta kwa jasho ilimpita Kobe sikioni. Mchana kutwa alifanya kazi huku jicho liko mlangoni, chakula kikapoa, akakirudisha.

Jua lilipokuwa linaingia saluni kwa pembeni, mpiga gitaa alipita katikati ya wateja, akakaa kwenye kiti chake, akaweka mkono mezani. Ulikuwa wa kushoto. Kobe hakuwahi kuushika. Kucha zake zilikuwa zimekatwa mpaka nyamani, ncha za vidole zimeota sugu za nyuzi.

"Wamekuchukua?"

"Naanza kesho."

"Huu mkono hauna kazi."

"Najua. Ndio maana nimeuleta huu."

Kobe aliushika. Ulikuwa na joto.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka uchoke, fundi wangu."

"Na nisipochoka?"

"Basi nipeleke kwa shangazi yako, nikaseme nia yangu."

"Kobe," mama mwenye saluni aliita kutoka kaunta, "kuna mteja anakusubiri, na ana haraka."

"Naja, Mama," alijibu Kobe, na mkono hakuuachia.